Wagonjwa wa Wodi ya Baridi

Kwetu Ilongero, mwaka huu, salamu ilikuwa haiishi mpaka wagonjwa waulizwe. Kila asubuhi nilitoka na ndoo yangu, nikamkuta mama mkwe wangu ameshakaa karibu na jiko la nje, nikamwambia shikamoo mama. Marahaba mwanangu, mmeamkaje. Salama. Mtoto? Mzima. Ndama? Naye mzima. Kisha aligeuza uso upande wa barabara ya mjini, akauliza: "Na wagonjwa wanaendeleaje?"

"Wanaendelea vizuri, mama."

Ndipo nilipoweza kwenda kuchota maji. Nikiondoka kabla ya kujibu, aliuliza tena kwa sauti ya juu, kana kwamba sikusikia.

Hawakuwa wanaendelea vizuri. Hawakuwepo kabisa. Nilijua hivyo tangu wakati wa palizi, mume wangu Chediel naye alijua, na hapa kijijini hakuna mwingine aliyejua. Watu husema njia ya mwongo ni fupi. Aliyesema hivyo hakuwahi kuishi na mama mkwe wangu, Bibi Kristina. Njia yangu mimi ilikuwa ndefu, tena ilipita kanisani.

Kwanza nieleze wagonjwa hawa walitoka wapi.

Mimi na Chediel tulikaa miaka mingi bila mtoto. Nilikunywa mizizi, nikaombewa, nikasemwa. Mficha uchi hazai, basi mimi wangu niliuonyesha kwa kila aliyedai anaweza kunitibu, mpaka daktari mmoja mjini Singida akatuelekeza kwenye kliniki ya Dar es Salaam. Huko mayai ya mwanamke na mbegu za mwanamume huunganishwa maabara, nje ya mwili, kisha hurudishwa tumboni. Aliyesema twende ni mama mkwe mwenyewe. Chediel anafanya kazi kwenye kiwanda cha kukamua alizeti mjini, na siku ya kurudishiwa alikosa ruhusa kazini, kwa hiyo aliyenisindikiza alikuwa yeye, mama yake, na kikapu chake cha safari.

Vilipatikana vinne vilivyo hai. Daktari aliviita embrio. Kwa Kiswahili cha vitabuni ni viinitete, neno ambalo sijawahi kumsikia mtu akilitamka mnadani. Viwili niliwekewa siku hiyo, viwili vikagandishwa vingoje. Nilikuwa bado kitandani, nimejikataza hata kukohoa nisije nikaharibu, wakati nesi mmoja mchangamfu alipotoka kumpa habari mzee aliyekuwa akisubiri kwenye benchi. Akamwambia: "Bibi, wawili tumempandikizia mama, na wengine wawili tumewalaza."

Neno hilo ndilo lililotufunga. Angesema "viwili tumevigandisha," mama mkwe angejua ni vitu, kama barafu za dukani, na mambo yangeishia hapo. Darasani tulichapwa kwa kukosea ngeli: vi ni vitu, wa ni watu. Nesi alisema wa. Tena alisema wamelazwa, na kwetu aliyelazwa ni mgonjwa. Yuko wodini, anahitaji ndugu wa kumwangalia na kumpelekea uji.

"Wamelazwa?" mama aliuliza. "Wodi gani?"

Nesi akacheka. "Wodi ya baridi, bibi."

Mimi nilikuja kujua kwenye basi tukirudi, tumeshapita Manyoni, aliponiuliza kwa nini tumewaacha watoto wodini bila ndugu hata mmoja. Nilijaribu kumweleza kwa Kinyaturu, neno sikuwa nalo. Nikajaribu Kiswahili. Nikamwambia ni kama mbegu za alizeti, nyingine unapanda, nyingine unahifadhi. Akanitazama kwa kunihurumia. "Mbegu hailazwi," alisema. Nilikuwa nimechoka, nilikuwa na furaha, na jambo lenyewe lilinichekesha, nikaliacha. Chediel naye alicheka nilipomsimulia. Akasema mwache mama, ana kosa gani.

Kati ya wale wawili niliowekewa, mmoja alishika. Akazaliwa Dina, ambaye sasa ana meno yote na anafukuza kuku uani. Siku Dina alipozaliwa mama mkwe alicheza mpaka kanga ikamdondoka. Lakini hakuwasahau wale wengine. Alitaka waombewe kanisani, na Mwinjilisti Andrea, mtu wa utaratibu, akamwambia hawezi kumpelekea Mungu wagonjwa wasio na majina. Basi akawapa majina. Wa kiume akamwita Nathan, jina la marehemu mume wake. Wa kike akamwita Joyce, jina la binti yake aliyekufa kwa surua kabla Chediel hajazaliwa. Nani alimwambia kwamba ni wa kiume na wa kike, sijui, na mimi sikuwa na namna ya kubisha.

Tangu hapo, kila Jumapili baada ya matangazo, Mwinjilisti Andrea alisema, "Tunawakumbuka wagonjwa wetu Nathan na Joyce, wajukuu wa Mama Chediel, waliolazwa Dar es Salaam," na kanisa zima likainamisha kichwa. Wengi walidhani ni watoto wa ndugu wa mbali. Waliona haya kuuliza ni ugonjwa gani unaomweka mtu wodini muda wote huo. Walituuliza tu wanaendeleaje, kisimani, dukani, mnadani, na mimi nilijibu. Wakati ule haikuwa uongo. Walikuwa wanaendelea vizuri, kwenye baridi yao.

Kulikuwa pia na jogoo. Mama alimtenga angali kifaranga, apelekwe siku yeye mwenyewe atakapokwenda kuwaangalia wagonjwa. Hakuuzwa, hakuchinjwa hata alipokuja mchungaji wa jimbo. Akazeeka kwa heshima zote, akawa mkali, akawa anamrukia Dina mgongoni. Nilimchukia jogoo yule kuliko ninavyoweza kueleza.

Mwaka huu ulipoanza, mimi na Chediel tuliamua wakati umefika wa kuwachukua. Chediel akasema tusimwambie mama, asije akaweka moyo wake wote huko. Nimwambie tu kwamba nakwenda kuwaangalia wagonjwa. Nikaona si uongo mkubwa. Nikamwambia.

Mama angetaka kwenda, ila mguu ulikuwa unamsumbua na palizi ilikuwa imekaribia, na Dina hakuwa na mtu mwingine wa kubaki naye. Akatwanga uwele, akasaga, akachekecha, akachekecha tena. Akaujaza unga kwenye kikapu. "Wapikie mwenyewe," aliniambia. "Uji wa hospitali ni maji. Wasalimie. Waambie bibi yao anakuja."

Mmoja hakuamka. Ndivyo daktari alivyosema, maana nao wana misemo yao: ukivitoa kwenye baridi, vingine haviamki. Wa pili aliamka, nikawekewa, nikaambiwa nisubiri ndipo nirudi kupima. Nilifikia kwa binamu yangu Mbagala. Kila asubuhi, kwenye joto lile, nilikoroga uji wa uwele nikaunywa peke yangu, nikijiambia kwamba kwa namna fulani unafika unakotakiwa. Kisha nikapima. Hakuna kitu. Na damu ikaja yenyewe, isije ikawa sikumwelewa daktari.

Nilimpigia Chediel. Akasema, "Pole, Mama Dina." Halafu akasema, "Mama asijue kwanza. Ana presha. Tutamwambia palizi ikiisha."

Nilirudi na kikapu kitupu. Mama alikuwa ananisubiri barabarani, amembeba Dina. Hakuuliza safari. Aliuliza, "Wamekunywa uji?"

"Wamekunywa, mama."

"Wote?"

"Wote."

Kesho yake tuliingia shamba la bondeni kupalilia alizeti, mimi na yeye na wanawake wa jirani, kila mtu na mstari wake. Damu ilikuwa bado inatoka. Jembe lilinishinda, nikabaki nyuma. Mama akasimama, akashika kiuno, akawaambia wenzake, "Huyu Dar imemlegeza mikono. Mtazameni, analima kama anakuna mgongo wa mtoto." Wakacheka. Mimi pia nikacheka. Katika shamba lile lote sikufanya kazi nyingine ngumu kama kicheko kile.

Palizi ikaisha. Chediel akasema tutamwambia baada ya mavuno. Tukavuna. Akasema ngoja tuuze alizeti. Mume wangu ana kalenda ya mkulima kwa kila jambo linalomtisha. Na yeye ilimwia rahisi, kwa sababu siku za kazi analala mjini, na huko mjini hakuna anayemuuliza. Swali la asubuhi lilikuwa langu. La kisimani langu, la dukani langu. Nilianza kupita nyuma ya nyumba za watu ili nisisalimiwe, na hata huko nilisalimiwa.

Mvua zilipokuwa zinaisha, jirani yetu Marietha alijifungua mtoto ambaye hakuwa hai. Wanawake tulikwenda. Mwenye kuni alibeba kuni, mwenye maji alibeba maji, wanaume wakachimba. Marietha alikaa kwenye mkeka, na kila aliyeinama kuingia mlangoni alijua la kumwambia. Nilikaa karibu yake nimemshika mkono. Nasema kama ilivyokuwa: nilimwonea wivu. Nilimwonea wivu mwanamke aliyetoka kuzika mtoto wake. Naye, katikati ya majonzi yake, akainua uso akaniuliza, maana ni mtu mwenye adabu, "Na wagonjwa wako, Mama Dina?"

"Wanaendelea vizuri," nikasema.

Kisha akaja Calist, mtoto wa kaka yake mama mkwe, kutoka Dodoma, na simulizi za treni ya umeme. Shangazi, unapanda Dodoma asubuhi, chakula cha mchana unakula Dar, mguu wako haujui hata kama umesafiri. Nilitamani kumziba mdomo kwa ugali. Mguu na urefu wa safari ndivyo vilivyokuwa kinga yangu. Jioni ile ile mama akatangaza kwamba alizeti ikishauzwa anakwenda kuwaona wajukuu zake kabla hajafa. Nilimwambia madaktari hawaruhusu watu kuingia wodi ile.

"Basi nitasimama mlangoni," alisema. "Wataisikia sauti yangu."

Alizeti ikauzwa. Safari ikapangwa Jumanne. Jumapili iliyotangulia Mwinjilisti Andrea alituita mbele ya kanisa, mimi, Chediel na mama, tuombewe safari njema. Watu wakaleta vitu vya wagonjwa: sabuni, sukari, kanga. Wa mwisho alikuwa Marietha. Alileta sweta mbili ndogo za rangi ya maziwa. Moja alikuwa ameifuma kwa ajili ya mtoto wake. Ya pili aliifuma baadaye, zilingane, kwa sababu alikuwa amesikia kwamba wodi waliyolazwa ni ya baridi.

Nilizipokea. Zilikuwa laini. Mwinjilisti Andrea akasema, "Dada Eliana atueleze hali yao, ili tujue tunavyoomba."

Nilifungua kinywa. Sijui nilitaka kusema nini, lakini nilikuwa nataka kulisema. Chediel akaniwahi. "Wanaendelea vizuri," alisema kwa sauti ya mwanamume mwenye nyumba. "Wanawashukuru sana kwa maombi yenu."

Kanisa likasema amina.

Mchana ule nilimfuata Chediel zizini. Nikamuuliza, hiyo Jumanne tunakwenda kumwonyesha mama nini? Alikuwa ameshafikiri. Akasema tutamchukua mpaka kwenye hospitali yoyote kubwa, tutamwonyesha mlango, tutasema ndani hapaingiliki. Atasimama, atasema maneno yake, tutarudi.

"Ataongea na mlango," nilisema.

"Atafurahi, Mama Dina. Wewe hutaki afurahi?"

"Na mwakani?"

Akashika pembe ya ng'ombe, akaitazama kama anataka kuinunua. "Mwakani tutaona," alisema.

Hapo niliyaona maisha yangu yote. Ningejibu swali lile kila asubuhi mpaka mama azikwe, na msibani kwake watu wangekuja kuniuliza kama wagonjwa wamepewa habari. Nilimchukia Chediel pale zizini. Si mtu mbaya, na wale walikuwa wake pia, lakini nilimchukia, na sikumwambia neno jingine mpaka Jumanne.

Jumanne asubuhi kila kitu kilikuwa tayari uani. Jogoo amefungwa miguu kwa kamba ya katani, analalamika. Kikapu kimejaa, zile sweta juu kabisa zisije zikabonyezwa. Mama amevaa kitenge cha sikukuu na viatu vinavyombana. Dina amelala ndani, Marietha alikuwa amekubali kumwangalia. Pikipiki za kutupeleka stendi zilikuwa zimefika, Chediel anafunga begi kwenye ya kwanza. Nilitoka bila ndoo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mmeamkaje?"

"Salama."

"Mtoto?"

"Mzima."

Akageuza uso upande wa barabara. Leo alitabasamu kabisa, kwa kuwa alikuwa anaiendea. "Na wagonjwa wanaendeleaje?"

Nilikuwa na maneno mengine niliyoyaandaa usiku kucha, ya kitaalamu, ya maabara, ya vitu. Yote yalikuwa na vi ndani yake. Nilipofungua kinywa nikaona kwamba siwezi kuyasema, wala siyaamini.

"Hatunao, mama."

Kwetu ukisema hivyo umesema. Hakuna anayehitaji kuelezwa. Dereva wa pikipiki ya pili alizima injini, akageukia upande mwingine. Chediel akasema, "Mama Dina," basi, na mkono wake ukabaki kwenye kamba ya begi.

Mama hakupiga kelele. Alikitafuta kigoda kwa mkono, akakaa. "Wote?" aliuliza.

"Wote."

"Lini?"

"Wakati wa palizi. Nilipokwenda."

"Palizi hii iliyopita."

"Ndiyo, mama."

Alimtazama mwanawe. "Wewe ulikuwa unajua?"

"Ndiyo, mama. Nilihofia presha yako."

"Juzi, kanisani, ulikuwa unajua."

Mama akamwacha, akanirudia mimi. "Wamezikwa wapi?"

Nikachuchumaa mbele yake nikamweleza, na safari hii nilimweleza yote. Kwamba walikuwa wadogo mno, mbele yao punje ya uwele ni kubwa. Kwamba hawakuwa wagonjwa hata siku moja, walikuwa wamewekwa tu kwenye baridi wangoje. Kwamba mmoja alipotolewa hakuamka, na mwingine aliwekwa humu, nikashika tumbo langu, akakaa kidogo, hakushika. Kwamba hakukuwa na cha kuzika. Alisikiliza huku midomo yake ikitembea. Nadhani alikuwa anayageuza kwa Kinyaturu, na safari hii yaligeuka.

"Na ule unga?" aliuliza.

Swali hilo sikulitegemea. "Niliunywa mimi, mama."

"Huyu mmoja akiwa humu ndani?"

"Ndiyo. Kila asubuhi."

Alifikiri. "Basi alikunywa," alisema.

Akavua viatu vile vilivyombana, akaviweka pembeni. Akamwambia Chediel azirudishe pikipiki, kisha aende kwa miguu nyumba kwa nyumba awaambie watu. Chediel akauliza awaambie nini. Nilisubiri aseme msiba uko kwa Kristina, au kwa marehemu mzee Nathan, ndivyo husemwa kwetu, msiba huwa wa mwenye boma.

"Waambie kuna msiba kwa Mama Dina," alisema.

Alitandika mkeka kwa mikono yake, uani, mbele ya mlango wangu. Akanikalisha. Nilitaka kuinuka nikapike, watu wanakuja, akanibonyeza bega. Mfiwa hapiki.

Walikuja. Marietha alikuwa wa kwanza, maana alikuwa anakuja kwa ajili ya Dina. Alisimama penye uzio akayaona yote, mkeka, kikapu, sweta zake juu ya kikapu. Hakuuliza. Alikuja akakaa, bega kwa bega, akasema, "Pole, mwenzangu." Wapo waliouliza, si uongo. Nilisikia minong'ono huko nyuma ya jiko, wagonjwa gani, wa nani, ilikuwaje, na najua wataendelea kunong'ona mpaka msimu ujao. Chediel alirudi akakaa na wanaume, mbali, na hakunitazama. Mwinjilisti Andrea alifika na daftari lake, akauliza maziko ni saa ngapi, kwa sababu lazima apange ibada.

"Hakuna kaburi," mama alimwambia. "Omba tu. Majina unayo."

Akaomba. Jogoo akachinjwa awe kitoweo cha waliokuja, akachemshwa mpaka alasiri na bado akawashinda wenye meno. Dina aliamka, akazunguka kila mahali akimtafuta adui yake, kisha akaja kulala miguuni pangu.

Watu walipoanza kupungua, mama alikuja kukaa nami kwenye mkeka. Magoti yake yalilia. Alikuwa na bakuli la uji wa uwele, akaniwekea mkononi, akangoja ninywe kidogo kwanza.

"Siku ile ya bondeni," alisema. "Nilisema Dar imekulegeza mikono."

"Ndiyo, mama."

"Mbele ya watu."

"Ndiyo."

"Nawe ukacheka."

Nilijaribu kusema si kitu, ilikuwa utani, yamepita. Badala yake nikaanza kulia, kwa sauti, kama mtu ambaye ameambiwa leo. Mama hakuninyamazisha. Aliuchukua mkono wangu ule wa jembe, akauweka juu ya goti lake, akaufunika na wa kwake.

"Siku nyingine usicheke," alisema.